Nyumba ya Kumi na Tisa

Jumamosi. Mvua ya mawe imepiga bati kama dakika kumi hivi, ikaondoka kama mgeni aliyekataa chai. Sasa kuna jua, na majani ya chai yametobokatoboka kama yamepigwa na manati.

Mimi ndiye mtafiti hodari kuliko wote waliowahi kukanyaga udongo wa Kericho, na siombi ruhusa ya mtu kusema hivyo. Maprofesa wana vyeti ukutani, mimi nina mbwa wa kijiji kizima wanaonyamaza wakiniona. Wao wamesoma mpaka nywele zikahama kichwani. Mimi niliacha shule kidato cha pili, kwa hiari yangu na ya mwalimu mkuu, na bado nimeifanya kazi ambayo wanafunzi wao wawili waliikimbia wakiwa na matope hadi magotini. Kama chuo kikuu kingekuwa na haya, kingenipa joho wiki ijayo, na ningelivaa nikienda kuchuma chai.

Haya, nimesema. Nilidhani nikijisifu kidogo nitatulia.

Sijatulia.

Tangu saa tano nimekaa, nimesimama, nimenoa panga ambalo halikuwa butu, nimemfukuza jogoo ambaye hakuwa amekosa. Blogu hii nimeifungua nikaifunga mara tatu. Nyinyi watu saba mnaonisoma (wawili kati yenu ni mimi, kwa simu ya dada) leo msinitarajie na vichekesho vingi.

Jambo lenyewe ni hili. Asubuhi, pale kituo cha kupimia majani ya chai, yamesomwa majina ya akina mama watakaoingia kwenye kikundi kipya, na jina la mama yangu halikuwemo. Lilipaswa kuwemo. Halikuwemo kwa sababu ya fomu moja, na fomu hiyo ilipita mikononi mwangu. Orodha inafungwa Jumatatu.

Nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho nitaizima simu.

Kuna mwalimu wa chuo kikuu, Daktari Chelangat, wa kitivo cha biashara. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Bomet, anavaa gamboti za matope na miwani, na akicheka anashika ubavu. Mimi nilidhani kitivo cha biashara ni mahali watu wanafundishwa kuuza. Kumbe pale kila mwalimu ana shamba lake la kujua. Siku ya kwanza alipotuita tufunzwe kazi, nilisoma mbao za milango kwenye korido jina kwa jina. Mmoja ujuzi wake ni vyama vya ushirika. Mwingine ni biashara za kurithiwa, yaani kwa nini mzee akifa duka linakufa naye. Mwingine amekaa miaka akichunguza kwa nini miwa ya Soin inamnufaisha kila mtu isipokuwa yule anayeikata. Nilisimama pale nikiwatafutia makosa, nikakosa. Nikaanza kuwaza wangeandika nini chini ya jina langu. Ujuzi: njia za mkato, majina ya mbwa, kubembeleza wazee.

Msicheke. Ndiyo ujuzi ulioniajiri.

Ujuzi wa Daktari ni mashamba madogo ya chai, haya yetu ya upande wa juu wa Kapsoit. Swali lake ni jepesi mpaka nilishangaa linahitaji chuo kikuu: nani anachuma chai, na nani anasema juu ya hiyo chai?

Kwa asiyekulia huku, nieleze. Kila mkulima ana namba pale kituoni. Majani yakipimwa, yanaandikwa kwenye namba hiyo. Mwenye namba ndiye anaitwa mkulima. Ndiye anapiga kura ya kamati, ndiye anasimama kwenye mkutano akasikizwa. Karibu kila nyumba namba ni ya mzee, na mgongo unaobeba kikapu ni wa mama. Kwetu ni hivyo hivyo. Baba yuko na ng'ombe wake na redio yake. Chai ni mama. Anaijua kama anavyotujua sisi watoto, yupi ana homa, yupi anajifanya.

Mwaka jana alisimama mkutanoni akasema majani yanaungua, yanakaa sana juani yakingoja lori, kwa nini kibanda kisiongezwe paa? Maneno ya maana. Mwenyekiti wa kamati akamwangalia, akauliza, "Mama, namba ni ya nani?"

"Ya mzee."

"Basi mwambie mzee aje aseme."

Watu wakacheka. Mama akaketi. Paa halijaongezwa hadi leo.

Mimi pia nilicheka.

Daktari alitaka kujua nyumba ngapi ziko hivyo, na akina mama hao wangependa nini wakiulizwa wakiwa peke yao, bila mzee kukohoa chumba cha pili. Baada ya hapo, wale watakaotaka wangeingia kwenye kikundi, na yeye na wenzake wa kitivo wangewasaidia wapate namba zao wenyewe. Lakini namba haitolewi hewani. Lazima mume akubali kumwandikia mke sehemu ya mashina ya chai, halafu kiwanda kiyasajili kwa jina lake. Daktari alikuwa tayari kukaa na kila mzee, amsomee, ambembeleze, anywe chai yake yote.

Wanafunzi wake wa kwanza walishindwa na milima. Akabaki na mmoja tu, Achieng'. Huyu amezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, baba yake alitoka upande wa ziwa zamani, na lugha yetu ya Kipsigis anaiongea vizuri kunishinda. Hilo sitalirudia mbele yake. Mimi nikaongezwa kama mtu wa kuonyesha njia. Baada ya siku mbili nikapewa tableti yangu.

Nilikuwa moto! Nyumba zingine Achieng' aliambiwa arudi kesho, mimi nikaingia nikatoka na majibu. Siri ni kwamba huulizi, unaulizwa kwanza. Mzee hawezi kujibu chochote kabla hajajua wewe ni mtoto wa nani, na babu yako alimwoa nani, na kama yule ndiye aliyekuwa na fahali mkali. Hapo nusu saa. Halafu unaletewa mursik, maziwa lala ya kibuyu yenye majivu ya mti, na unakunywa kikombe chote ukisifu. Nyumba tano, vikombe vitano. Tumbo langu limeutumikia usomi kuliko vitabu.

Na kuna yale maswali ya kupima, kubali kabisa mpaka kataa kabisa, ngazi tano. Mzee arap Bii, jirani yetu wa juu, nilimsomea kila sentensi naye kila mara akajibu, "Weka katikati."

"Lakini mzee, hili ni kama unapenda kiwanda ama hupendi."

"Katikati, kijana. Waliosimama katikati sijaona wakishtakiwa."

Daktari aliposikia alishika ubavu akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akawa makini, akasema hilo nalo ni jibu, liandikwe chini na maneno yake kamili. Hapo ndipo nilianza kumheshimu. Alikuwa ametuonya mambo mawili tu. Usimjibie mtu, hata kama unalijua jibu. Na usiingie nyumba ya kwenu, mwachie mwenzako.

Tableti ndiyo iliyokuwa inachagua nyumba, kama kura. Ya kumi na tisa ikawa kwetu.

Achieng' alikuwa ng'ambo ya kijito siku hiyo. Ningempigia tu simu. Badala yake nilikaa juu ya jiwe nyuma ya zizi, tableti kwenye goti. Kutoka pale nilikuwa naiona kofia ya mama juu ya majani, ikienda ikirudi, hatua kama thelathini kutoka nilipo. Alikuwa anaimba ule wimbo wa kanisa anaousahau katikati na kuanza tena.

Nikajaza.

Nani anachuma? Mama. Nani anaamua? Baba. Unaridhika na mpango huo? Nikabonyeza ngazi ya juu kabisa. Ungependa namba yako mwenyewe? Hapana. Ungependa kuingia kwenye kikundi? Hapana. Una la kuongeza? Hana.

Tableti ikanishukuru kwa muda wangu.

Jioni Achieng' akaangalia orodha. "We, kumi na tisa si ni kwenu?"

"Ishaisha, mrembo. Tulia."

"Mimi si mrembo wako, leta chaja. Nani alimuuliza mamako?"

Nikamwambia nilimkuta mtoto wa shangazi yangu aliyewahi kufanya kazi za fomu, yeye ndiye akamuuliza. Uongo wa papo hapo, laini kama siagi. Achieng' aliniangalia kidogo. Halafu akaangalia betri.

Sasa leo.

Daktari ni tofauti na wale wanaokuja wakachukua majibu wakapotea kama mwewe na kifaranga. Alisema atarudi kuwaambia watu alichokiona, na leo saa tatu akarudi, na gamboti zake. Wazee walikaa kwenye benchi, akina mama kwenye nyasi. Akaeleza bila karatasi. Akasema karibu kila nyumba aliyoingia, anayeijua chai siye anayeulizwa habari ya chai, na kwamba kiwanda kinalia majani mabaya huku kikiongea na watu wasiochuma. Wazee walikohoa. Arap Bii akasema kwa sauti, "Hapo sasa sitakaa katikati. Amesema ukweli." Watu wakashangilia.

Mama alikuwa mbele kabisa. Amevaa nguo ya kanisa Jumamosi, na kile kitambaa cha kijani ambacho hukitoa Krismasi. Majirani zake walikuwa wameshamwambia kuhusu swali la kikundi. Nadhani alifikiri yeye aliulizwa kwa njia nyingine ambayo hakuitambua, ama siku yake bado. Sijui alichofikiri. Nimekaa hapa mchana mzima nikijaribu kukijua.

Achieng' akaanza kusoma majina ya wale waliosema wanataka, na waliokubali kuitwa. Kila aliyeitwa akasimama upande wa mzani. Wengine walipiga vigelegele, mmoja akalia. Majina yakaisha.

Mama akainua mkono. Si juu sana. Kama mtu anayesimamisha gari ambalo hana uhakika ni la njia yake.

"Na mimi?"

Achieng' akatafuta kwenye tableti. "Mama, hapa imeandikwa ulisema hutaki. Imeandikwa umeridhika kabisa."

"Nilisema lini?"

Mwenyekiti, yule yule wa mwaka jana, alitabasamu. Daktari alivua miwani, akaniangalia. Achieng' naye akaniangalia, na nikajua amekumbuka yule mtoto wa shangazi.

Mama akafuata macho yao. Akanifikia.

Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Aliniangalia vile anavyoliangalia shina lililokauka katikati ya mstari mzima, akitaka kuelewa tu. Kisha akamgeukia Daktari.

"Aa, nimekumbuka," akasema. "Nilisema. Ni kweli, nilisema. Uzee huu."

Akacheka kidogo, peke yake. Akafungua kile kitambaa cha kijani, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye kikapu, akaenda kuchuma akiwa na nguo ya kanisa.

Mama yangu hajawahi kusema uongo mbele ya watu. Mimi nilianza kabla sijaota meno, lakini yeye hajawahi. Leo ameanza, kwa sababu yangu, mbele ya mtu aliyewahi kumkalisha chini.

Baada ya mkutano Daktari aliniita kando, karibu na mzani.

"Mama amekumbuka kweli?"

"Ndiyo, Daktari."

Akafuta miwani kwa pindo la nguo yake. "Tunaanza sehemu ya pili, upande wa Bomet. Nilitaka uje. Mtu anayejua kuketi na wazee simpati darasani." Akavaa miwani. "Orodha ya kikundi naipeleka kiwandani Jumatatu saa nne. Kama kuna kosa lolote mahali, mimi niko ofisini kuanzia saa mbili."

Alijua. Mtu aliyesomea kuuliza anajua anapodanganywa. Ameniachia mlango wazi, na mlango huo una ubao wenye ujuzi wake.

Mama alirudi mvua ilipoanza. Alisimama mlangoni pa kibanda changu, maji yakimtiririka usoni, akaniuliza kitu kimoja: "Umekula?"

Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Akaenda.

Basi tangu wakati huo nimekuwa nikipanga nitakavyomwambia Daktari. Nina maelezo mazuri sana. Nitamwambia, Daktari, wewe ni wa huku, unajua desturi. Mwanamume aliyetoka jando haingii jikoni kwa mama yake akakaa akamuuliza nani anaamua nyumba hii. Ni aibu. Tangu nitoke kambi ya jando mimi na mama tunasalimiana kwa umbali, chakula naachiwa mlangoni, maneno mazito yanapitia kwa dada. Ningewezaje kumuuliza kama anaridhika na baba? Nilimlindia heshima yake. Kijana mwenye adabu angefanya nini kingine?

Daktari atalikubali. Mpaka Achieng' atalikubali, na huyo hakubali kitu. Hata nyinyi saba mlikuwa mmeshalikubali, nimewaona.

Na ni kweli, desturi iko. Lakini desturi ingenifanya nimwite Achieng'. Simu ilikuwa mfukoni, ina chaji, ina salio. Achieng' angevuka kijito kwa dakika ishirini.

Nimetoka nje tena. Nimezunguka zizi. Nimerudi.

Kuna sehemu ya chini ya shamba letu, pale chai inapokaribia kijito, mashina bora kuliko yote kwa sababu udongo haukauki. Ndugu zangu wakubwa walishagawiwa sehemu za juu. Ile ya chini ndiyo pekee baba hajaandika kwa mtu, na siku niliyotoka jando alinishika bega akainyoshea kidole, akasema, "Hii ni ya mdogo." Mdogo ni mimi. Nimeshachagua pa kujenga nyumba. Nimeshachagua mlango utazame wapi. Kuna jioni huwa naenda kusimama pale, bila kazi yoyote, nikilipima shamba kwa macho.

Kama mama angetaka namba, baba angemwandikia mashina gani? Hakuna mengine.

Nililijua hilo nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Halikuja baadaye. Lilikuwa la kwanza, kabla ya aibu, kabla ya desturi, kabla hata tableti haijamaliza kuwaka. Heshima niliitafuta nilipokuwa nimeshabonyeza.

Jumatatu saa mbili nitakuwa kwa Daktari. Nimeliandika hapa ili mnione mjinga nisipokwenda. Bomet itaenda bila mimi, na Achieng' atanicheka mpaka mwakani, na mwenyekiti atajua, na baba. Lakini nikifika pale sitaki kuanza na habari za jando. Nataka kuanza na hili, kwa hivyo nalijaribu hapa kwanza, mahali ambapo hakuna anayeniangalia usoni.

Sikukosa kujua jibu la mama. Nilijua, wazi kabisa, kwamba angesema anataka.

Ndiyo sababu sikumuuliza.